Mstari wa Tisa wa Vugo

Mpanda, 14 Januari 2024

Shangazi Mwamvua,

Shikamoo. Huku Mpanda mimi ni mzima wa afya. Mvua inanyesha mpaka chaki inalowa darasani, na mahindi niliyopanda nyuma ya nyumba yameshanipita urefu. Nasikia mgongo wa baba umemrudia, na kwamba kila jioni unamkanda kwa mafuta ya nazi. Mungu akulipe. Mimi bintiye niko mbali, namkanda kwa salamu tu.

Nakuandikia kwa kuwa simu yako haipokelewi tangu mwaka huu uanze. Nikimpigia mwanao Tahiri ananiambia mama hajambo, simu ndiyo mbovu. Haya, hata barua inafika.

Jambo lililonikalisha ni hili. Mdogo wangu Hafsa amenieleza kwamba harusi yake ni Mfungo Tatu, Jumamosi ya tarehe 22 Juni, baada tu ya Idi ya kuchinja. Nikapiga vigelegele peke yangu jikoni. Halafu akaniambia kwamba ngoma ya vugo safari hii huongozi wewe, na kwamba umesema ataongoza Nasra. Shangazi, Nasra yupi, mimi? Mimi nafundisha jiografia! Tangu nipate akili, kila wanawake wa ukoo wetu wanapotoa zile pembe za nyati na kuzigonga kwa vijiti, anayesimama mbele na kuimbisha ni wewe. Watu wa Kigombe wakisema manju, hawana haja ya kutaja jina.

Kama ni amri nitaitii, lakini nipe maneno. Ninayo sauti aliyoirekodi Tahiri kwenye harusi ya dada Mwanamkasi mwaka 2011, ile ambayo sikuhudhuria kwa sababu ya mtihani wa kidato cha nne. Nimeisikiliza siku nne na kuandika mistari yote kumi na minne uliyoimba. Karatasi nimeiambatanisha. Tafadhali isahihishe, nipate kuikariri kabla ya Juni.

Mwanao anayetetemeka,
Nasra


Kigombe, 2 Februari 2024

Mwanangu Nasra,

Marahaba, tena marahaba. Baba yako mgongo umepungua, sasa kinachomsumbua ni ulimi, maana nimemkataza kubeba ndoo naye hana kazi nyingine ila kulalamika. Leticia jirani yangu anakusalimu sana. Ngedere wamemmalizia mihogo na amewalaani kwa Kiswahili, kisha akaongeza kwa lugha waliyokuja nayo wazee wake walipokuja kukata mkonge. Hafsa ameanza kukimbia jua utafikiri ni barafu. Simu yangu spika imekufa. Usininunulie nyingine. Barua naisoma, naitia chini ya mto, naisoma tena, na hainikatikii katikati kwa kuisha salio.

Sasa hiyo karatasi yako. Nilicheka mpaka Tahiri akaja kutazama nina nini. Umeweka namba, umepiga mstari kwa wino mwekundu, kama daftari la mahudhurio. Mwanangu, ulichoandika si wimbo. Wimbo wa vugo ni kiitikio na mwendo wa pembe, basi. Hivyo ndivyo nilivyovikuta kwa bibi yako, na yeye alivikuta. Mengine yote niliyachomeka palepale kwa niliyoyaona siku ile.

Mstari wako wa tatu, "Mkeka wa ukindu, mbuzi kala pembeni." Umeniandikia pembeni kwamba labda mbuzi ni mfano wa bwana harusi. Mbuzi ni mbuzi! Alikuwa wa Leticia, alikata kamba akala mkeka wa kufungia akdi, na sote tulikuwa tunamwona. Wa tano, "Katoka Horohoro, viatu mkononi," ni Masoud, mjomba wa bwana harusi. Alikuja kwa pikipiki kutoka Horohoro, mvua ikamkuta njiani, akaingia uani miguu mitupu na viatu vipya kavishika kama samaki. Wa saba, "Mpishi yuko wapi, twanusa pa jirani," ni kwamba saa saba ilikuwa imepita na pilau yetu haijawekwa motoni, harufu yote ilitoka nyumba ya pili. Wa kumi na mmoja nilimsema baba yako, na sababu utamuuliza mwenyewe.

Kwa hiyo ukikariri hayo, utakuwa unawasimulia watu harusi ya mwenzio. Hafsa ana harusi yake.

Mimi shangazi yako,
Mwamvua


Mpanda, 20 Februari 2024

Shangazi,

Shikamoo. Huku salama, isipokuwa nimepata mafua, na mahindi yameanguka kwa upepo. Barua yako nimeisoma nimesimama posta, nikaisoma tena nimekaa.

Lazima nikiri jambo. Mwaka juzi mwalimu mwenzangu Robert alioa hapa Mpanda, nami kwa kujitapa kwamba natoka pwani nikawafundisha wasichana wa shule vugo kwa sauti ile ile ya Tahiri. Pembe za nyati hatuna, tuligonga za ng'ombe. Wakaimba yote, na viatu vya Masoud pia. Mshereheshaji akaniuliza maana yake, nami, Mungu anisamehe, nikajibu kwa uhakika kabisa kwamba kwetu mjomba wa bwana harusi huingia na viatu mkononi kuonyesha heshima. Mwezi uliopita kulikuwa na harusi nyingine. Mjomba mtu, mzee wa miaka sabini, kaingia ukumbini pekupeku, kiatu huku na kiatu huku! Watu wakampigia makofi. Sasa hivi ni mila ya Mpanda, na Masoud wa watu hana habari.

Nimecheka, lakini pia nimeingiwa na hamu ambayo haishi. Kila neno nililodhani limetoka kwa mababu kumbe lilitoka uani. Ulijuaje la kusema? Kati ya kiitikio na kiitikio nimehesabu sekunde kumi. Mimi sekunde kumi hazinitoshi hata kukumbuka jina la mwanafunzi.

Na katika mistari uliyoiruka, mmoja unanisumbua. Umenieleza wa tatu, wa tano, wa saba na wa kumi na mmoja. Wa tisa, "Mwenzenu sisikii, inueni mikono," hukuugusa. Huo najua ni wa kale kweli, maana nimeukuta katika kila harusi niliyohudhuria huko nyumbani tangu niwe mtu mzima, na wanawake wote huinua mikono wakiitikia na kuishusha wakimaliza. Ulitoka wapi?

Mwanao,
Nasra


Kigombe, 8 Machi 2024

Mwanangu mdadisi,

Marahaba. Mafua chemsha tangawizi, usingoje. Hapa tunasubiri mwezi uandame, na Hafsa anataka kushona nguo saba kana kwamba wanaoolewa ni saba. Mzee Masoud nimempelekea habari yake ya Mpanda. Amesema aletewe picha ya mjomba huyo, na kwamba viatu vile vilimbana, ndiyo maana hakuvivaa hata mvua ilipokatika.

Unauliza utajuaje la kusema. Hutajua, na usitake kujua mapema. Mtu akija na maneno yake tayari, macho yake huwa ndani ya kichwa, na harusi iko nje. Kiitikio ndicho kinachokupa nafasi. Wenzako wanaimba yale yale, wewe unatazama. Nani kaingia, nani kanuna, nani kavaa nini. Ukipata kitu, shika kwanza neno la mwisho, lile utakalotua nalo, halafu rudi nyuma utafute la kuanzia. Wasiojua huanza mwanzo, wakifika katikati wanakosa pa kutua, wanabaki wanasema aa, aa. Bibi yako alinifundisha tukipepeta mchele. Yeye aligonga ungo, mimi nichomeke juu ya chochote kinachopita mlangoni, kuku, mwuza samaki, mdeni wa babu. Nikikosea aligonga ungo uleule kichwani kwangu.

Na mtu ukimtania, mwachie mlango wa kutokea. Masoud nilimsema viatu, sikumsema kwamba alichelewa akdi. Aliyeachwa na mumewe usimguse, na asiye na mtoto usimguse. Ukiona uso umeanguka, mstari unaofuata msifu mtu yuleyule, tena haraka.

Wa tisa uache ulivyo. Watu wameshauzoea.

Ramadhani njema. Jaribu na ungo.
Shangazi yako


Mpanda, 25 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo, na saumu njema. Nimejaribu na ungo. Jirani yangu Ruthi anagonga, mimi nachomeka. Siku ya kwanza nilimwimbia jogoo wake nikakwama katikati, jogoo akaondoka. Lakini jana nilishika neno la mwisho kwanza kama ulivyosema, nikatua, na Ruthi akaangusha ungo kwa kicheko. Sijawahi kufurahi namna ile kwa mstari mmoja. Nilikuwa sijui nitasema nini mpaka nilipokuwa nimeshasema.

Lakini umenifundisha kudadisi, basi nivumilie. Nimempigia baba kumuuliza juu ya mikono. Anasema enzi za bibi hakuna aliyeinua mkono kwenye vugo, na kwamba jambo hilo lilianza harusi ya dada Mwanamkasi. Kumbe hata mstari wa tisa ni wa siku ile! Nikairudia sauti. Kabla ya mstari huo, kwenye wa nane, wewe unaingia wakati wenzako bado wanaitikia. Hujawahi kufanya hivyo popote. Halafu unaimba wa tisa, wanaitikia, wanamaliza, na kuna kimya. Pembe zinaendelea peke yake. Kisha nasikia sauti ya jirani yako Leticia, karibu sana na simu, akisema, "Sasa." Ndipo unaanza wa kumi.

Kwa nini manju aambiwe "sasa" na jirani yake? Uliona nini siku ile kilichokufanya useme husikii?

Mwanao,
Nasra


Mpanda, 6 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Natumai nyote wazima, ingawa habari zako nazipata kwa watu. Idi imepita na sikupata neno. Barua ya Machi Tahiri anasema ilifika na uliisoma.

Kama nimekukosea kwa kuuliza, naomba radhi. Lakini na mimi nimeumia, shangazi, na sitaficha. Umenipa mzigo ambao sikuuomba, ukanionjesha jinsi unavyobebwa, kisha ukanyamaza. Hafsa ananiambia mwaka jana kule Mkwaja uliacha harusi ya watu katikati ukaondoka, na baba anasema ni kiburi, kwamba umewachoka wanawake wa siku hizi. Je, ndiyo hivyo? Unanisukuma mbele niaibike, watu waseme bora ya Mwamvua?

Zimebaki wiki saba. Kama hutaki nijue, basi simama mwenyewe uongoze. Kama ninayeongoza ni mimi, niambie kwa nini si wewe.

Nasra


Kigombe, 17 Mei 2024

Nasra,

Marahaba. Baba yako hajambo. Hafsa hajambo, Tahiri hajambo, Leticia na watu wake hawajambo. Mwenye jambo ni mimi.

Sisikii.

Nimeandika neno hilo nikaweka kalamu chini, nikaenda kuchuma mchicha, nikarudi. Limekaa palepale. Basi wacha niendelee.

Siku ya harusi ya Mwanamkasi sikio la kushoto lilikuwa limekufa tayari na la kulia lilikuwa njiani. Pembe nilizipata kwa mbali, sauti za watu nilizikosa. Mistari saba niliingia kwa kubahatisha. Wa nane nikaingia juu ya kiitikio, kama ulivyosikia wewe. Watu wakadhani ni mbwembwe. Mimi nilishikwa na hofu. Na ukishikwa na hofu huku pembe zinalia, huna muda wa kutafuta neno zuri, unachomeka lililo mdomoni. Nililokuwa nalo mdomoni ni ukweli. Niliwaambia watu mia mbili kwamba sisikii, na wote wakafurahi! Walidhani nawachangamsha waimbe kwa nguvu. Wakainua mikono kama nilivyowaomba, wakaimba, wakamaliza, wakaishusha. Hapo nikaona, mwanangu. Mikono ikishuka, zamu yangu.

Leticia peke yake alinielewa. Aliniwekea kiganja mgongoni akanisukuma kidogo. Kwamba alisema na "sasa" nimejua kwa barua yako. Mimi nilipata kiganja tu. Nilimwonyesha ile barua, tukalia sote wawili kama wajinga.

Tangu siku ile nimeongoza kwa macho miaka kumi na miwili. Mstari wa tisa sikuuacha hata mara moja, na watu wakaushika wakauita mila. Mwaka jana Mkwaja Leticia alikuwa mgonjwa, nikaenda peke yangu. Nikawaambia wainue mikono. Ikainuka, na haikushuka. Kila mkono una simu, wanapiga picha, wakiitikia ipo juu, wakinyamaza ipo juu. Nikasimama natazama ule msitu, sijui waimba au wananingoja. Niliingia vibaya mara tatu. Binti mmoja akacheka akamwonyesha mwenziwe. Nikasema tumbo linanikata, nikaondoka.

Baba yako nimemwacha aseme ni kiburi. Mwenye kiburi watu humsema na kumwogopa. Kiziwi humhurumia, wakazungumza mbele yake kana kwamba hayupo. Usimwambie mtu yeyote. Hii ni amana.

Hukukosea kuuliza. Nilikuwa natafuta neno la mwisho nikalikosa.

Mwamvua


Kigombe, 4 Julai 2024

Mwanangu,

Natumai umefika salama na basi halikukuchosha sana. Hafsa amekuja jana na mumewe kutusalimu, ananenepa tayari. Baba yako siku ile alichukua sufuria mbili za pilau ya harusi na mpaka leo anasema zilikuwa za wageni.

Nakuandikia kwa sababu uliondoka Jumatatu alfajiri ukanibusu mkono, ukanikwepa kwa macho. Nataka kujua uliimba nini.

Nilikaa mbele, pembeni ya Leticia. Mistari mitatu ya mwanzo ulikuwa umeinamia karatasi kama mtu anayesoma hirizi, nikasema moyoni, haya, kazi imeharibika. Kisha yule shangazi wa bwana harusi akaingia, nywele zake za bandia zikanaswa na msumari wa mlango, yeye akaendelea na safari. Nikakuona umeinua kichwa. Ukaitia karatasi kifuani. Mdomo wako ulipofunga, wanawake walianguka mmoja juu ya mwingine, na mwenye nywele mwenyewe akashika mbavu. Nikajua umeanza. Kuanzia hapo nilikutazama kama mtu anayetazama mpira bila kujua magoli. Umesimama vizuri. Shingo ilikuwa ya bibi yako.

Lakini karibu na mwisho uligeuka ukanitazama mimi. Ukaimba kitu kifupi. Uani palitulia, hata pembe zilipungua, niliona vijiti vikisita. Watu wote wakanigeukia. Zile simu zikashuka moja moja. Halafu wanawake wakaja mbele yangu, wakachuchumaa, wakaanza kuimba huku wananitazama usoni, midomo imepanuka. Leticia kamasi zinamtoka.

Tangu siku hiyo mwuza samaki ananigusa bega kabla ya kusema. Baba yako akitaka kuzungumza anavuta kiti anakaa mbele yangu, na ameacha kuniita mwenye kiburi. Nimemuuliza Leticia, anasema muulize mwenyewe. Tahiri ananiambia ipo kwenye simu, nisikilize. Nisikilize!

Nasra, uliimba nini juu yangu?

Shangazi yako


Mpanda, 20 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sina habari za huku. Nimeanza barua hii mara nne.

Nimevunja amana yako. Nilikuwa nimeapa moyoni kuitunza, na siku ile nilipanda basi la kuja Kigombe nikiwa na kiapo hicho. Nilikuwa nimepanga kuimba mstari wa tisa kama ulivyo, watu wainue mikono yao, yapite. Lakini nilipofika hapo nikakuona umekaa katikati ya kelele zote zile, unatazama vinywa, unatabasamu pale wenzako wanapotabasamu, umechelewa kidogo tu. Hakuna mtu uani aliyejua jinsi ulivyokuwa unafanya kazi. Kiitikio kilikuwa kinaisha. Neno la mwisho likanijia kwanza, na nilipolipata sikuweza kulirudisha. Niliimba:

"Shangazi hasikii, mwimbieni machoni."

Ni hilo tu. Mistari mingine ya siku ile siikumbuki hata mmoja, isipokuwa ule wa nywele, "Kichwa kimeshaingia, nywele zipo mlangoni," ambao Hafsa hanipi nafasi ya kuusahau. Lakini huo wako naukumbuka kila siku nikiingia darasani.

Nilikukwepa kwa macho kwa kuwa niliona haya. Ulinifundisha nimwachie mtu mlango wa kutokea, na sijui kama nilikuachia mlango au nilikubomolea nyumba. Kama umekasirika, sema umekasirika. Sitaki huruma ya kunyamaziwa tena, ile ya Aprili ilinitosha. Nakupenda, shangazi, na nimekosa, na sina uhakika kwamba nisingefanya tena.

Nasra


Kigombe, 11 Agosti 2024

Mwanangu Nasra,

Marahaba. Baba yako amebeba ndoo na mgongo umemwadhibu. Hafsa anasema hapiki ndizi kama mama mkwe wake na amekuja kujifunza kwangu. Ngedere wamerudi kwa Leticia.

Nilikasirika. Nilipofungua barua yako na kuuona ule mstari nilikasirika siku mbili nzima, sikula wala sikumkanda baba yako. Miaka kumi na tatu nilijikaza, nikahesabu mikono ya watu, nikajifunza kucheka kwa wakati, na wewe ukaimaliza kazi hiyo kwa pumzi moja mbele ya upande wa kuumeni, wakwe wa Hafsa. Siku ya tatu alikuja mwuza samaki, akanigusa bega, akasema na mimi taratibu, tukapatana bei ya changu. Alipoondoka nikagundua kwamba sikuogopa. Kila siku nilikuwa namwogopa mtu yule, nisije nikamjibu lisilohusu. Hasira ikaniishia jikoni, nami sikuitafuta tena.

Alhamisi iliyopita kulikuwa na harusi upande wa bandarini, kwa akina Kombo. Leticia akaja kunichukua. Nikamwambia siendi, nitakaa huko kama mzigo. Akanivuta. Tulipofika, wanawake wa pembe wakasogea wakanipa nafasi katikati yao, na mmoja akaniwekea pembe mkononi. Mimi! Manju hashiki pembe, unajua, anasimama mikono mitupu. Mara ya mwisho kushika kitu kile nilikuwa sijavunja ungo. Sikujua niishikeje nikaikumbatia kifuani, nikaigonga.

Nasra, niliisikia. Si sikioni. Iliingia kwenye mfupa huu chini ya shingo ikashuka mpaka tumboni, moja, moja, moja. Nikaigonga tena kuhakikisha. Wenzangu pia wakigonga, wanaonibana kushoto na kulia, nilizipata pembe zao kwa mabega. Miaka yote hiyo nilisimama mbele ya sauti, hatua tatu mbali nayo.

Aliyekuwa akiongoza ni binti simjui, mwembamba, kutoka Mkwaja. Alichomeka nini sijui na sikuuliza. Nilimtazama mdomo. Ulipofunga, mabega ya wenzangu yakapanda pamoja kuvuta pumzi, na mimi nikapanda nayo, nikafungua kinywa changu.

Tangu bibi yako anikabidhi vugo, nimeitikiwa na watu hata hesabu sina. Mimi mwenyewe tangu hapo sijawahi kumwitikia mtu. Alhamisi nimeitikia. Leticia anasema niliimba nje ya sauti kabisa, na kwamba hakuna aliyegeuka kunitazama.

Mwitikiaji,
Mwamvua